Vitufe vya Kadibodi

Chuo kilikuwa na vikokotoo vya fedha vitatu na wanafunzi arobaini na mmoja. Kikokotoo cha kwanza kilikuwa kimekufa kitufe cha saba, na aliyekitumia alilazimika kuomba apewe maswali yasiyo na saba ndani yake. Cha pili kilikaa kabatini kwa mkuu wa chuo, bado kimo ndani ya mfuko wake wa plastiki, kikisubiri wageni wa ukaguzi. Kilichobaki kilikuwa kimoja, cheusi, kilichochubuka pembeni, na kwa hicho kimoja mwalimu wa hesabu za fedha alikuwa amefundisha darasa zima kwa miaka kumi na minne.

Njia yake aliibuni mwenyewe. Alichukua maboksi ya karatasi za kuchapia, akayakata kwa kisu cha jikoni vipande vyenye ukubwa wa kiganja, na juu ya kila kipande akachora vitufe vyote kwa kalamu ya wino mzito, kila kimoja mahali pake hasa: kitufe cha idadi ya vipindi, cha riba, cha thamani ya leo, cha malipo, cha thamani ya baadaye, na chini yake namba. Mahali pa kioo alichora mstatili mtupu. Kila mwanafunzi alipewa kadibodi yake mwanzoni mwa muhula na kuirudisha mwishoni. Mwalimu aliposoma swali, arobaini walibonyeza kadibodi kwa pamoja, wakitaja kwa sauti kila kitufe walichokigusa, na mmoja tu, aliyekaa meza ya mbele, alibonyeza mashine ya kweli. Hesabu ilipokwisha sauti zilikoma, vidole vikatulia, na yule wa mbele akasoma jibu kwa niaba ya wote.

Kila hesabu ilianza kwa neno moja. "Futa!" darasa liliitikia, na vidole arobaini vikagonga kona ileile ya kadibodi. Mwalimu alikuwa na imani kubwa na neno hilo. Asiyefuta, alisema, anabeba hesabu ya mtu mwingine bila kujua.

Wanafunzi walimwita Mama Kadibodi. Hawakumwita hivyo mbele yake, ila alijua, kwa kuwa siku moja aliingia darasani akalikuta jina limeandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, na badala ya kulifuta aliandika tarehe pembeni yake na kuendelea na kipindi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na shahada ya hisabati ambayo mama yake aliitia fremu na kuitundika sebuleni. Yeye mwenyewe angeiacha kwenye droo. Ilikuwapo miaka, huko chuo kikuu, ambapo aliweza kuanza na karatasi tupu na kuijenga kanuni ya thamani ya leo hatua kwa hatua hadi mwisho, na kila hatua ikawa na sababu yake. Sasa alikuwa na vidole. Vidole vyake vilijua njia gizani, lakini kila alipopita mbele ya ile fremu alijiuliza kama kichwa bado kingeweza kuifuata. Hofu yake, ambayo hakuwahi kumweleza mtu, ni kwamba siku moja mtu angeingia mlangoni na kumuuliza kwa nini, naye angejibu kwa kunyoosha kidole.

Nyumbani kwao hofu hiyo haikujulikana. Ndugu zake walimwita Profesa, kwa utani na kwa heshima pamoja, na kila kilichokuwa na namba kilipelekwa kwake, kuanzia idadi ya vigae vya bafuni hadi barua za kiinua mgongo. Aliyemwamini kuliko wote alikuwa kaka yake wa pekee, na kaka huyo ndiye aliyemwachia mwiba. Miaka minane iliyopita, kaka alimjia akitaka kununua kiwanja kilichopakana na nyumba yake. Mwalimu alipiga hesabu usiku mzima na kumwambia kiwanja hakina thamani inayodaiwa. Kaka akamsikiliza, akawaambia watu wote kwamba dada amekataa, na jambo likaisha. Baada ya miaka mitatu barabara ya lami ikapita palepale, bei ya kiwanja ikaruka mara tatu, na mwalimu akakaa akingoja lawama. Haikuja. Kaka hakulitaja jambo hilo hata mara moja, hata alipougua, hata siku za mwisho alipokuwa akiongea na kila mtu juu ya kila kitu. Mwalimu angependa asemwe. Mtu akisemwa hujitetea, lakini hakuna anayeweza kujitetea mbele ya mtu aliyekaa kimya kwa upole.

Kaka alipofariki alimwacha mkewe, fundi cherehani, pamoja na mabinti wawili wa sekondari, nyumba, na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba kilichoinuka kama nundu. Kampuni moja ya simu ilikitaka kipande hicho kusimamisha mnara kwa miaka kumi. Ilimpa mjane njia mbili achague moja: alipwe milioni kumi na tatu kwa mkupuo, au alipwe milioni mbili kila mwaka. Akishachagua na kutia sahihi, hakuna kurudi nyuma.

Wifi yake alifika Jumapili na karatasi moja aliyoikunja mara nne. Hakukaa vizuri kwenye kiti kabla hajasema kilichomleta.

"Wifi, mimi najua kupima kiuno. Hii sijui inapimwaje. Milioni mbili mara kumi ni ishirini, na ishirini ni nyingi kuliko kumi na tatu. Lakini jirani ananiambia ninadanganywa."

Mwalimu alimweleza kwa namna aliyowaeleza wanafunzi wapya. Laki moja ya leo, ukiiweka benki kwa muda maalumu wanakolipa asilimia kumi, mwakani itakuwa laki na elfu kumi. Kwa hiyo laki itakayokuja mwakani ni ndogo kuliko laki iliyo mkononi leo, na itakayokuja baada ya miaka kumi ni ndogo zaidi. Milioni mbili mara kumi si ishirini, maana hazifiki siku moja. Lazima kila moja irudishwe hadi leo na kupunguzwa njiani, kisha zijumlishwe, ndipo zilinganishwe na zile kumi na tatu. Wifi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa mshono mgeni. Aliushika mara moja.

Mashine ilikuwa mkobani. Mwalimu akaitoa, akafuta, akaingiza vipindi kumi, riba ya kumi, malipo ya milioni mbili, akaomba thamani ya leo. Kioo kikaonyesha milioni kumi na tatu, laki tano na elfu kumi na nane. Ilizidi ile ya mkupuo kwa zaidi ya nusu milioni.

"Chukua ya kila mwaka," alisema.

"Una hakika? Nina watoto wawili, wifi."

"Mashine haina udugu," mwalimu alijibu, na wakati huo maneno hayo yalimpendeza masikioni.

Wifi akaikunja karatasi yake, akasema angetia sahihi Jumanne saa nane mchana kwa wakili, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Jumanne asubuhi ilikuwa zamu ya marudio kabla ya mtihani. Aliyekaa na mashine mbele alikuwa mhudumu wa duka la dawa, mwanamke mwenye sauti iliyofika hadi ukuta wa nyuma. Swali lilikuwa jepesi: malipo ya laki tano kila mwaka kwa miaka mitano, riba ya asilimia nane, thamani ya leo ni ngapi. Darasa likafuta, likabonyeza, likanyamaza.

"Milioni mbili, laki moja na elfu hamsini na sita," alisoma mhudumu wa duka la dawa.

Nyuma ya darasa mkono ukanyanyuka. Ulikuwa wa mtunza stoo mmoja wa vipuri, mwanamume wa makamo ambaye wenzake walimpa jina la Rufaa, kwa sababu hakuna alama aliyowahi kupewa bila kuomba itazamwe upya. Wiki ile alikuwa amenunua kikokotoo chake mwenyewe, na tangu asubuhi alikuwa amekiweka juu ya kadibodi yake kama mtu aliyevaa viatu vipya na kunyoosha miguu vionekane.

"Mwalimu, naomba kukata rufaa."

Darasa likacheka. Alisema kitabu kinatoa milioni moja, laki tisa na elfu tisini na sita, na mashine yake inasema vivyo hivyo. Mwalimu alifungua kinywa aseme kwamba kitabu kimechapwa vibaya, jambo ambalo kweli liliwahi kutokea mara mbili, kisha akasita. Aliomba hesabu irudiwe. Wakafuta. Wakabonyeza. Mhudumu wa duka la dawa akasoma namba ileile, safari hii kwa sauti ya chini.

Rufaa akaja mbele na kuziweka mashine mbili sambamba mezani. Alizitazama kama anavyotazama vipuri viwili vilivyoletwa kwa jina moja.

"Hizi herufi za hapa juu ni za nini? Yangu haina."

Zilikuwa tatu, kwenye ukingo wa juu wa kioo, ndogo kama sisimizi waliofuatana. Mwalimu alizijua papo hapo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Zilimaanisha kwamba mashine imewekwa kwenye malipo ya mwanzo, kwamba inahesabu kana kwamba kila malipo yanafika siku ya kwanza ya mwaka, wakati kitabu, mtihani na mazoea vyote huhesabu malipo ya mwisho wa mwaka. Alifundisha jambo hilo kwa kipindi kimoja katika muhula wa mwisho, akasonga mbele. Na kufuta hakukusaidia. Kufuta kunaondoa namba. Hakugusi namna mashine ilivyowekwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewafundisha watu kutazama vidole vyao, juu ya kadibodi ambazo hazikuwa na kioo cha kutazama.

Alirekebisha mashine, akalieleza darasa bila kujificha, jibu likatoka sawa na la kitabu. Rufaa alirudi kwenye kiti chake akipongezwa mgongoni. Mwalimu aligeukia ubao kuandika swali la pili, akaandika malipo, akaandika riba, na chaki ikasimama.

Jumapili.

Aliwapa zoezi la kurasa mbili na kutoka nje. Kwenye korido alisimama ukutani kama mtu anayesoma tangazo, na kichwani mwake kitu kimoja kilizunguka: kama milioni mbili zitalipwa mwisho wa kila mwaka, basi hesabu aliyompa wifi yake ilikuwa ya uongo, na mjane wa kaka yake, saa nane mchana, angetia sahihi kuikataa hela iliyokuwa kubwa zaidi. Kwa mara ya pili nyumba ileile ingepoteza kwa kumsikiliza yeye. Na hakuna aliyebaki katika nyumba hiyo mwenye upole wa marehemu.

Kwanza alikwenda kwa mhasibu wa chuo, kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho kuiazima mashine. Mhasibu aliitwa Bwana Risiti, naye hakulichukia jina hilo. Alipoulizwa alifungua daftari la kuazima, akashusha kidole kwenye safu, na kutangaza kwamba aliirudisha Jumamosi saa tano na dakika kumi, na sahihi ya mwalimu ndiyo ile pale. Mwalimu alisema hamlaumu. Alitaka kujua tu alikuwa akipiga hesabu gani.

"Kodi ya jengo," alisema Bwana Risiti. "Mwenye jengo anataka tumpe ya miaka mitano kwa mpigo."

"Na ukaiweka kwenye malipo ya mwanzo."

"Sasa ningeiweka wapi? Kodi inalipwa mbele, Mwalimu. Umewahi kumwona mwenye nyumba anayengoja mwaka uishe ndipo agonge mlango?"

Mwalimu alibaki amemkodolea macho. Mnara ule nao ulikuwa mpangaji. Kampuni ingepanga ardhi, na mpangaji hulipa kabla ya kukaa. Kama ndivyo, mashine iliyokosea ilikuwa imepatia, na yeye alikuwa amesema kweli bila kujua anachosema. Faraja hiyo ilimgusa na kuondoka. Mwenye jengo hugonga mlango, lakini fundi cherehani angegonga mlango upi wa kampuni yenye ghorofa nzima ya wanasheria? Hakuwa ameuona mkataba. Karatasi ya Jumapili ilikuwa na mistari mitatu tu, na hakuna hata mmoja uliotaja siku.

Alimpigia wifi yake simu mara nne. Simu iliita hadi ikachoka. Wifi alikuwa na tabia ya kuiacha kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo, kila alipotoka kwa shughuli rasmi, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kuitwa mbele za watu.

Saa sita na nusu mwalimu alikabidhi darasa kwa mhudumu wa duka la dawa, akatoka getini kwa miguu. Ofisi ya wakili ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, juu ya duka la vigae. Njiani alijikuta akihesabu. Alianza kichwani, kisha akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa shule, akatoa bahasha mkobani, na kuandika kwa penseli. Milioni mbili zikija leo ni milioni mbili kamili. Zikija mwakani, gawanya kwa moja nukta moja. Mwaka unaofuata, gawanya tena. Alifika wa nne akasita, maana aliona kitu ambacho vidole vyake havikuwahi kumwonyesha: mwanzo na mwisho ni safu ileile ya malipo kumi, ila yote yamesogezwa mwaka mmoja, kwa hiyo jumla nzima inagawanywa mara moja tu. Aligawanya. Ikaja milioni kumi na mbili na karibu laki tatu. Pungufu ya kumi na tatu, kwa laki saba na ushei.

Habari ilikuwa mbaya, lakini aliipata kwa penseli. Alitembea robo nzima ya njia iliyobaki kabla hajagundua kwamba, katikati ya hofu yake yote, kitu fulani kifuani kilikuwa kimekaa vizuri zaidi kuliko asubuhi.

Wakili alikuwa mama mtu mzima aliyeweka miwani juu ya paji la uso na kuitafuta mezani. Mbele yake alikaa bwana wa kampuni, na kalamu aliyoitoa kifuniko ikiwa tayari. Wifi alikaa pembeni akiwa na gauni lake la kwendea harusini, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Mwalimu aliingia bila kubisha hodi, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Wifi, usitie sahihi kwanza."

Wote walimgeukia. Alisimulia akiwa amesimama, bila kupamba na bila kumtaja mhasibu: kwamba mashine ilikuwa imewekwa kwa namna ambayo hakuitazama, kwamba hesabu ya Jumapili ni ya kweli ikiwa hela inalipwa mwanzo wa kila mwaka, na kwamba ikilipwa mwisho, basi ule mkupuo ndio mkubwa na yeye alimshauri vibaya.

"Ulisema mashine haina udugu," wifi alisema taratibu.

"Nilisema. Kosa ni langu, wala si la mashine."

Wakili alipapasa meza, mwalimu akamwonyesha paji la uso kwa kidole, naye wakili akaishusha miwani puani. Alikisoma kifungu cha malipo kwa sauti: mpangaji atamlipa mwenye ardhi milioni mbili kila mwaka, kwa muda wa miaka kumi. Akakirudia, neno kwa neno, kisha akaifunua karatasi upande wa pili kama mtu anayetafuta kilichodondoka.

"Hakisemi lini," alisema.

Bwana wa kampuni alisema kwa kawaida wao hulipa mbele. Hakusema kwa hila. Alionekana kushangaa kwamba kuna mtu anayeuliza.

"Kwa kawaida si kifungu, baba," wakili alisema. "Kiandikwe."

Bwana huyo alisema hana mamlaka ya kuongeza neno, lazima apige simu ofisini. Akatoka kwenye korido. Dakika zilipita. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la vigae, na mwalimu aliisoma miezi yote kumi na miwili. Wifi alikuwa akiupima upindo wa gauni lake kwa vidole, inchi kwa inchi, kama afanyavyo mbele ya mteja mbishi. Mwalimu hakumwangalia usoni.

Bwana wa kampuni aliporudi alikuwa bado ameishika simu.

"Wamekubali. Malipo ya kwanza ndani ya siku saba baada ya sahihi, na mengine kila mwaka kabla ya tarehe hiyohiyo. Wanasema hata wao walidhani limeandikwa."

Wakili alichapa ukurasa upya. Mashine ya kuchapia ilikohoa, ikaimeza karatasi ya kwanza, ikaitapika imekunjamana, ikatoa ya pili ikiwa safi. Wifi akaichukua kalamu, kisha akamgeukia mwalimu.

"Haya, Profesa. Nitie?"

"Ngoja."

Alikisoma kifungu kipya mara mbili. Akaitoa bahasha yake na kuikamilisha hesabu, miaka yote kumi, kutoka juu hadi chini kwa penseli, huku bwana wa kampuni akitazama saa na wakili akitabasamu nyuma ya miwani yake. Milioni kumi na tatu, laki tano na elfu kumi na nane. Alishusha pumzi ambayo ilionekana kuwa ndefu kuliko yeye mwenyewe.

"Tia, wifi."

Wifi akatia, kwa herufi kubwa za duara, kwenye kila ukurasa.

Waliposhuka ngazi, mwalimu alishindwa kuinyamazisha ile hesabu ya zamani. Alisema anashukuru leo ameokoka, maana asingeweza kubeba kosa la pili. Alisema alimkosesha marehemu kile kiwanja, na kila akipita kwenye lami ile hugeuza uso.

Wifi alisimama kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, akamtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni.

"Kiwanja kipi? Kile cha jirani?"

"Kile nilichomwambia asinunue."

"Wifi yangu, kaka yako angenunua na nini? Hakuwa na robo ya ile hela. Rafiki zake walikuwa wanamkaba koo, mwanamume mzima anashindwaje kununua kiwanja kilicho puani pake. Akaniambia, ngoja niende kwa Profesa, lazima atapata sababu. Alirudi anacheka peke yake. Tangu siku ile kila aliyemsumbua anaambiwa, dada amekataa. Ulimstiri."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie kwamba amefilisika? Wewe humjui kaka yako?"

Mwalimu aliketi palepale kwenye ngazi, na mteja wa vigae aliyebeba boksi akalazimika kumpita kwa ubavu. Alianza kucheka kidogo, kisha sana, akifuta macho kwa ile bahasha hadi penseli ikamwachia weusi shavuni. Miaka minane alikuwa ameibeba hesabu ya mtu mwingine. Wifi alimsubiri amalize, kisha akautoa mkono kumwinua.

"Simama, watu wanatutazama. Na hilo gauni lako upindo umeachia. Pita nyumbani nikutengenezee, leo hulipi."

Wiki iliyofuata kila mwanafunzi alipewa kalamu na kuambiwa arekebishe kadibodi yake. Ndani ya ule mstatili mtupu wakachora kijisanduku, juu kabisa, pa kukaa herufi tatu zisizotakiwa. Na hesabu zikaanza kwa neno jipya kabla ya lile la zamani. Darasa zima liliinamisha vichwa juu ya kadibodi. "Tazama!" wakasema, na baada ya kutazama, "Futa!"

Rufaa alinyanyua mkono kuuliza kama kwa ugunduzi wake hastahili kuongezewa alama mbili. Mwalimu alifungua daftari lake bila kubishana, akamwongezea tatu.